Sura ya Nne: Je, Jina Langu Limo?

Nchini Marekani, kampuni ikipunguza kundi la wafanyakazi na ikataka wenye umri wa miaka 40 na zaidi watie sahihi kwamba hawataishtaki kwa ubaguzi wa umri, sheria ya mwaka 1990 inailazimu iwape karatasi moja ya ziada ndani ya bahasha ya kuagana. Karatasi hiyo ni jedwali. Kuna vyeo, kuna umri, kuna idadi ya waliochaguliwa kuondoka na idadi ya waliobakizwa. Majina hayamo. Mtu anajitafuta kwa cheo chake na miaka yake, na akishajiona anaanza kuwahesabu wenzake: wa miaka 28 wamebaki wangapi, wa miaka 57 wameondoka wangapi. Amepewa siku 45 za kutafakari kabla ya kutia sahihi, na siku 7 za kubadili nia baada ya kutia.

Kwa miaka mingi wafanyakazi wa IBM waliyatunza majedwali hayo. Chama chao kidogo, Alliance@IBM, kilichoanzishwa mwaka 1999 chini ya chama kikubwa cha wafanyakazi wa mawasiliano, CWA, kiliwaomba waliopunguzwa wakipatie nakala. Kikakaa chini na kujumlisha, idara baada ya idara, kwa sababu kampuni haikuwa ikitangaza inaondoa watu wangapi.

Kumwaga unga kunauma popote pale. Mwenye nyumba anataka kodi yake, shule inataka ada, na benki haijui kwamba mshahara umekatika. Lakini ukiwasikiliza waliopitia upunguzaji wa wafanyakazi katika kampuni kubwa, utakuta sehemu kubwa ya uchungu wao imetokana na kutojua. Wanaondoka wangapi? Lini? Nani kaandika orodha, na kwa kigezo gani? Majibu ya maswali hayo huwa yapo. Yamo kwenye kompyuta ya mtu fulani ghorofa ya juu, wiki au miezi kabla barua hazijatoka. Sura hii inahusu madhara ya kuyaficha majibu hayo, na watu waliodai kupewa.

Ahadi ya Endicott

IBM ilianza mwaka 1911 kwa jina jingine, ikiwa na kiwanda katika mji mdogo wa Endicott, jimbo la New York. Thomas J. Watson alijiunga nayo mwaka 1914 na kuijengea desturi zake: wafanyakazi waliimba nyimbo za kampuni, walivaa suti nyeusi na mashati meupe, na familia zao zilikutana kwenye klabu zilizojengwa na kampuni. Katika mdororo mkubwa wa uchumi wa miaka ya 1930, waajiri wengine walipokuwa wakifukuza watu kwa maelfu, Watson aliendelea kutengeneza mashine na kuziweka ghalani. Mwaka 1935 Marekani ilipitisha sheria ya hifadhi ya jamii, serikali ikalazimika kutunza kumbukumbu za mamilioni ya wafanyakazi, na mashine za ghalani zikapata mteja. Funzo ambalo watu wa IBM walilichukua katika kisa hicho ni kwamba kampuni yao haimtupi mtu wake.

Ahadi hiyo iliishi kama desturi tu, na ilidumu zaidi ya nusu karne. Mashine ikipitwa na wakati, fundi wake alipelekwa kusomea mashine mpya. Kiwanda kikipungukiwa na kazi, watu walihamishwa na familia zao hadi jimbo jingine. Mwaka 1985 kampuni ilikuwa na wafanyakazi wapatao 405,000 duniani kote.

Kisha biashara ikageuka. Kompyuta ndogo za mezani zilizipunguzia soko kompyuta kubwa, na hizo kubwa ndizo zilizokuwa zikiingiza faida. Mwanzoni uongozi uliwashawishi watu waondoke kwa hiari, kwa kustaafu mapema na kupewa kitita cha kuagana. Haikutosha. Mwaka 1992 hasara ilikaribia dola bilioni 5. Mwaka 1993 ilizidi bilioni 8. Januari 1993 mkuu wa kampuni, John Akers, alitangaza kwamba anang'atuka, na mwaka huohuo barua za kuachishwa kazi kwa lazima zikaanza kutolewa katika viwanda vya bonde la mto Hudson: Poughkeepsie, East Fishkill, Kingston.

Katika miji ile IBM ilikuwa kazi ya ukoo. Baba alistaafu hapo, mtoto akaajiriwa hapo, mkwe naye hapohapo. Kiwanda cha Kingston kilifungwa mwaka 1995. Nyumba nyingi ziliingia sokoni kwa wakati mmoja na bei zikashuka, kwa hiyo aliyepoteza mshahara akaona na thamani ya nyumba yake ikiyeyuka, akiwa bado analipa mkopo aliojengea. Mwenye duka la samani, kinyozi na mwalimu wa shule binafsi, ambao hawakuwahi kuajiriwa na IBM hata siku moja, nao wakaingia katika hesabu ya hasara.

Kwa mkupuo au kwa mafungu

Louis Gerstner alishika uongozi tarehe 1 Aprili 1993, akitoka RJR Nabisco, kampuni ya sigara na biskuti. Julai alitangaza kwamba nafasi nyingine 35,000 zitaondolewa, na kwamba dola bilioni 8.9 zimetengwa kugharamia mageuzi. Idadi hiyo ilitisha. Katika kumbukumbu zake zilizochapishwa mwaka 2002 alieleza kwa nini aliitangaza yote kwa pamoja: watu walikuwa wamechoshwa na kupunguzwa mwaka hadi mwaka bila kuona mwisho, naye aliamini kwamba kama maumivu hayaepukiki basi yaje haraka, na kila mtu ajue kinachofanyika na sababu yake.

Mtu anaweza kumlaumu Gerstner kwa mengi. Nafasi 35,000 ni nyumba 35,000 zilizokosa mshahara, na kufikia mwaka 1994 kampuni ilibakiwa na watu wapatao 220,000 tu. Ila mfanyakazi wa Poughkeepsie mwezi Agosti mwaka ule aliujua ukubwa wa jambo lililomkabili, na kwa kuujua aliweza kupanga: auze gari, amtafute mjomba mwenye karakana, arudi chuo, au akae asubiri.

Miaka iliyofuata, hasa baada ya mwaka 2000, mtindo ulibadilika. Upunguzaji ukaja kwa mafungu: mia kadhaa kitengo hiki, wengine kitengo kile, robo mwaka hii, kisha robo mwaka ijayo. Katika nyaraka za kampuni uliitwa "hatua za rasilimali". Kuanzia mwaka 2010 IBM iliacha kutaja idadi ya wafanyakazi wake walioko Marekani, ikabaki kutoa jumla ya dunia nzima, wakati ajira zilikuwa zikihamia nchi nyingine. Kufikia mwaka 2017 gazeti la New York Times liliripoti kwamba IBM ilikuwa na watu wapatao 130,000 nchini India, wengi kuliko wa Marekani.

Hata misaada ya kampuni iliwaacha watu midomo wazi. Mwaka 2009 wafanyakazi waliopunguzwa Marekani na Kanada walielezwa kuhusu mpango ulioitwa Project Match, ambao ungewasaidia kuomba kazi za IBM katika nchi kama India, Brazil, Nigeria na Afrika Kusini, kwa masharti na mshahara wa huko. Kwa kijana asiye na familia, pengine hiyo ilikuwa bahati. Kwa fundi wa miaka 50 mwenye mkopo wa nyumba huko Vermont na mama mgonjwa wa kumtunza, ilikuwa sawa na kuambiwa kwamba anayemwandikia hana habari na maisha yake. Na mwaka 2016 malipo ya kuagana, yaliyowahi kufikia mshahara wa miezi sita, yalishushwa hadi mwezi mmoja.

Sheria haikuzuia mafungu hayo. Sheria ya Marekani ya mwaka 1988 inamtaka mwajiri mkubwa atoe notisi ya siku 60 anapofunga kiwanda au anapoondoa watu wengi mahali pamoja, lakini fungu likiwa dogo, na watu wake wakiwa wametawanyika katika majimbo mbalimbali, kiwango hicho hakifikiwi.

Miezi ya kusubiri

Ofisi yenye fununu haijifichi. Watu wanachungulia kalenda za mabosi wao, na mwaliko wa kikao cha dakika 15 pamoja na mtu wa rasilimali watu unasomwa kama hukumu. Kadi ya mlango ikigoma asubuhi, mwenye kadi anatokwa na jasho kabla mlinzi hajamwambia kwamba ni hitilafu ya umeme. Aliyebakiza miezi michache kufikia umri wa pensheni kamili anahesabu wiki kwa vidole na hamwambii mtu. Ambaye mkewe ana mimba anajiuliza kama bima ya afya itafika siku ya kujifungua, kwa sababu Marekani bima ya wengi imefungwa kwenye ajira. Lisemwalo lipo, na kama halipo li njiani. Kwa hiyo kila fununu inapokewa kama habari, na kazi zinasimama.

Watafiti wamejaribu kupima gharama ya kusubiri huko. Nchini Uingereza, utafiti unaojulikana kama Whitehall II ulianza mwaka 1985 ukifuatilia afya ya watumishi wa serikali zaidi ya 10,000 jijini London. Katikati ya utafiti, idara moja, Property Services Agency, iliyokuwa ikishughulikia majengo ya serikali, ilipangwa kuuzwa kwa sekta binafsi. Watafiti walikuwa tayari na vipimo vya watumishi wake vya kabla ya fununu yoyote. Matokeo yaliyochapishwa mwaka 1995 yalionyesha kwamba afya ya waliokuwa wakisubiri kujua hatima yao ilizorota ikilinganishwa na wenzao wa idara nyingine, na ilizorota wakiwa bado kazini, mshahara ukiingia kama kawaida.

Baada ya barua, mambo huwa mazito zaidi. Mwaka 2009 wanauchumi Daniel Sullivan na Till von Wachter walichapisha utafiti kuhusu wanaume wa Pennsylvania waliopoteza kazi walizozishikilia kwa muda mrefu, waajiri wao walipopunguza watu kwa wingi mwanzoni mwa miaka ya 1980. Katika mwaka uliofuata, uwezekano wao wa kufariki ulikuwa juu kwa asilimia 50 hadi 100 kuliko ilivyotarajiwa. Kwa aliyeachishwa akiwa na miaka 40, makadirio yao ni kwamba maisha yalifupishwa kwa mwaka mmoja hadi mmoja na nusu. Mwajiri anayeita jambo hili marekebisho ya gharama anapaswa kuzisoma takwimu hizo kabla ya kutia sahihi orodha.

Miaka 40 na zaidi

Mwaka 2014 yale majedwali ya umri yalikoma kutolewa IBM. Kampuni ilibadilisha mkataba wa kuagana: mfanyakazi hakuambiwa tena asalimishe haki yake ya kulalamikia ubaguzi wa umri, ila alitakiwa akubali kwamba malalamiko hayo atayapeleka peke yake mbele ya msuluhishi wa faragha, mbali na mahakama na mbali na wenzake. Kwa kuwa haki yenyewe haikusalimishwa, kampuni ilishikilia kwamba hailazimiki kutoa jedwali. Alliance@IBM ikapoteza chanzo chake kikuu cha hesabu, na mwanzoni mwa mwaka 2016 ikafunga shughuli zake, wanachama wengi wakiwa wameshaondolewa kazini.

Machi 2018 shirika la habari la ProPublica, likishirikiana na jarida la Mother Jones, lilichapisha uchunguzi uliokadiria kwamba katika miaka mitano IBM iliwaondoa Wamarekani 20,000 wenye umri wa miaka 40 na zaidi, sawa na asilimia 60 ya wote waliopunguzwa nchini humo. Waandishi walieleza jinsi ilivyofanyika. Baadhi ya wazee waliambiwa ujuzi wao umepitwa na wakati, kisha wakarudishwa kwa mkataba wa muda kufanya kazi ileile kwa malipo madogo. Wengine walihimizwa kuomba nafasi nyingine ndani ya kampuni, huku mameneja wakishauriwa chinichini wasiwachukue. Wengi walitakiwa kuwafundisha waliokuja kuzishika kazi zao.

Hilo la mwisho ndilo lililowaumiza wengi kuliko yote. Mtu amefanya kazi miaka 25, anajua mteja yupi anakasirika upesi na programu ipi inakwama mwisho wa mwezi. Anaketi wiki kadhaa na mgeni, anamkabidhi yote hayo moja baada ya jingine, na kila jioni anarudi nyumbani akijua kwamba anavyofundisha vizuri ndivyo anavyoiharakisha siku yake ya kuondoka. Na akifundisha vibaya, anahofia malipo yake ya kuagana.

IBM ilikana kuwabagua wafanyakazi kwa umri. Mwaka 2020 tume ya serikali ya Marekani inayosimamia usawa kazini, EEOC, ilihitimisha kwamba kulikuwa na sababu za kuamini ubaguzi huo ulifanyika kati ya 2013 na 2018, kwa ujumbe uliotoka ngazi za juu za uongozi, na kwamba zaidi ya asilimia 85 ya waliolengwa kwa upunguzaji walikuwa wafanyakazi wenye umri mkubwa. Nyaraka za mahakama zilizofunguliwa kwa umma mwaka 2022 zilionyesha barua pepe ambamo wakubwa waliwaita wafanyakazi hao kwa jina la kejeli lililotokana na dinosaria, na kuzungumzia kuwafanya viumbe waliotoweka. Kampuni ilisema lugha hiyo haiendani na heshima iliyonayo kwa watu wake. Kwa waliopunguzwa, nyaraka hizo zilithibitisha walichokuwa wakikisema kwa miaka, wakiambiwa kwamba ni hisia tu.

Wanaobaki

Aliyebaki naye hapati usingizi. Meza ya jirani imekuwa tupu, kazi za jirani zimehamia kwake, na ndani yake kuna hatia ya kupona na hofu ya fungu lijalo. Charlie Trevor na Anthony Nyberg, katika utafiti wao wa mwaka 2008 kuhusu makampuni ya Marekani, waligundua kwamba kupunguza asilimia 1 tu ya wafanyakazi kulifuatiwa na ongezeko la asilimia 31 la watu wanaoacha kazi kwa hiari yao. Na wanaotangulia kuondoka ni wale wenye soko, ambao kampuni ilikuwa ikiwahitaji zaidi.

Joel Brockner wa Chuo Kikuu cha Columbia, aliyeanza kuwachunguza wanaobaki tangu miaka ya 1980, alionyesha kwamba msimamo wao hutegemea sana jinsi walivyoona wenzao wakitendewa: kama waliambiwa sababu, kama kigezo kilieleweka, kama waliagwa kwa heshima. Utafiti mwingine, ulioongozwa na Allan Lind na kuchapishwa mwaka 2000, uliwahoji karibu watu 1,000 wa Ohio waliopoteza kazi. Kati ya walioona wametendewa haki wakati wa kuondolewa, asilimia 1 hivi ndio waliofungua kesi. Kati ya walioona wamedhulumiwa, ni asilimia 17. Wote walipoteza kazi. Kilichowatofautisha ni namna walivyoambiwa.

Nairobi na Dar es Salaam

Sheria za Afrika Mashariki zimelishughulikia suala hilo la kuambiwa moja kwa moja kuliko sheria ya Marekani, na Kenya Airways ililijua hilo mahakamani. Mwaka 2012 shirika hilo la ndege, likitaja gharama kubwa na biashara ngumu, liliwapiga kalamu mamia ya wafanyakazi. Chama chao, Aviation and Allied Workers Union, kikaenda katika mahakama ya masuala ya kazi. Desemba mwaka huo Jaji Linnet Ndolo aliamuru warudishwe kazini. Julai 2014 Mahakama ya Rufani iliitengua amri ya kuwarudisha na badala yake wakapewa fidia: ilikubali kwamba kampuni ilikuwa na sababu ya kweli ya kiuchumi, lakini ikaona utaratibu haukufuatwa ipasavyo. Jaji David Maraga, ambaye baadaye alikuwa Jaji Mkuu, alisisitiza kwamba mashauriano na wafanyakazi lazima yawe ya kweli, yafanyike wakati bado kuna kitu cha kubadilisha, yasiwe ya kutimiza wajibu tu.

Kifungu cha 40 cha Sheria ya Ajira ya Kenya ya mwaka 2007 kinamtaka mwajiri atoe notisi ya angalau mwezi mmoja kwa chama na kwa ofisa wa kazi, akieleza sababu na ukubwa wa upunguzaji. Katika kuchagua nani aondoke, lazima azingatie muda wa utumishi, ujuzi, uwezo na uaminifu. Anayeondoka analipwa siku zake za likizo, na malipo ya kuagana yasiyopungua mshahara wa siku 15 kwa kila mwaka aliokamilisha.

Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapofikiria kupunguza wafanyakazi. Anatakiwa kutoa habari zote zinazohusika, kisha kushauriana nao kabla ya kupunguza: kwa nini, nini kifanyike kuepusha au kupunguza madhara, watachaguliwaje, lini, na watalipwa nini. Ni maswali yaleyale yaliyokuwa yakiulizwa Poughkeepsie na Kingston. Ikishindikana kukubaliana, suala linapelekwa kusuluhishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, CMA. Kiinua mgongo ni mshahara wa msingi wa siku 7 kwa kila mwaka, kwa miaka isiyozidi 10.

Wafanyakazi wengi hawayajui haya mpaka barua iwe mkononi. Wanaitwa kwenye kikao, wanaoneshwa hundi, wanaambiwa watie sahihi leo ili walipwe leo, na wanatia kwa sababu ada ya mtoto inadaiwa wiki ileile. Tanzania, anayeona ameachishwa isivyo halali ana siku 30 tangu tarehe ya kuachishwa kufungua mgogoro CMA, na shauri likianza, kifungu cha 39 cha sheria hiyohiyo kinamtwika mwajiri mzigo wa kuthibitisha kwamba uachishaji ulikuwa wa haki. Hapo mfanyakazi anaweza kudai kuonyeshwa kumbukumbu za vikao vya mashauriano, tarehe zake, na kigezo kilichotumika kuliweka jina lake kwenye orodha.